Nishati, Yaani Nguvu

"Wasikilizaji wangu hawataki Kiingereza, mwalimu," Dorine alisema huku akimvalisha Mayaka vipokea sauti vilivyomfunika masikio mpaka mashavuni. "Kiingereza waachie wanafunzi wako huko Rongo. Hapa Homa Bay tunaongea na mama wa sokoni."

Mayaka akaitikia kwa kichwa. Alikuwa amevaa shati jipya kwa ajili ya redio, jambo lililomchekesha mkewe Emmah asubuhi nzima. Miaka yote aliyofundisha fizikia alikuwa akingoja mtu amwulize juu ya jambo moja tu: kwamba wataalamu wanaamini sehemu kubwa ya ulimwengu imeundwa kwa vitu ambavyo hakuna aliyewahi kuviona, na kwamba yeye, Mayaka, haviamini. Shaka hiyo ilikuwa fahari yake. Katika chumba cha walimu, wenzake walimwita Tomaso, naye jina hilo alilivaa kama tai.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Alieleza jinsi nyota za pembezoni zinavyokimbia kwa kasi kupita kiasi, hata zilipaswa kutawanyika kama mtama unaorukia nje ya ungo, lakini hazitawanyiki. Basi wataalamu wakasema lazima iwepo maada ya giza, isiyoonekana, inayozishikilia. Akaeleza pia kwamba ulimwengu unazidi kutanuka kwa kasi, na kinachousukuma wamekiita nishati ya giza.

"Nishati?" Dorine akadakia. "Hiyo ni kama stima, umeme?"

"Yaani nguvu," Mayaka akasema. "Nguvu za giza."

Hakuna mtu aliyekulia karibu na kanisa lolote la upande ule asiyejua maana ya maneno hayo. Ni uchawi, ni mapepo, ni kile ambacho wahubiri hukikemea mpaka sauti zikawakauka. Mayaka mwenyewe, Msabato wa kuzaliwa, alikuwa ameyasikia tangu akinyonya. Lakini siku hiyo kichwa chake kilikuwa juu kwenye nyota, na sikio lake halikusikia kilichosemwa na ulimi wake. Dorine alisikia. Macho yalimtoka pima, akasogeza kiti.

"Kwa hivyo sayansi inakubali nguvu za giza ziko?"

"Wataalamu wengi wanakubali. Hazionekani, hazishikiki, na hakuna kipimo kilichowahi kuzinasa. Tunazijua kwa kazi zake tu. Ukiona kitu kinasukumwa na humwoni anayesukuma, unasema yuko."

Alikuwa akijenga ngazi ili akifika juu aipige teke. Sentensi iliyofuata ilianza na "lakini", na ndani yake mlikuwa na shaka yake yote: pengine hakuna kilichojificha, pengine kanuni zetu za mvutano zinatupotosha tukizipeleka mbali mno, pengine nyota zinazolipuka, zile tunazopimia umbali, si za kuaminika kama tunavyodhani. Dorine akainua kidole. Tangazo la dawa ya kupe likaingia, likafuatwa na taarifa ya habari, na ile "lakini" ikambakia Mayaka kooni. Alirudi nyumbani amefurahi hata hivyo, akiwaza kwamba siku nyingine ataitwa amalizie.

Hakuitwa. Aliyekuja ni jirani yake Mogire, simu mkononi, sauti ya Mayaka ikitoka ndani yake. Mogire alikuwa amezika wana wawili, mmoja baada ya mwingine, na tangu hapo alikuwa amekonda mpaka nguo zikawa zinamwelea.

"Mwalimu, umenisaidia," akasema, na machozi yakamlengalenga. "Mimi nilikuwa nasema, watu wananiona mjinga. Vijana wangu walikuwa wazima. Hospitali walipima damu, wakapima kila kitu, hawakuona kitu. Sasa wewe mwenye kusoma umesema. Ukiona kitu kinasukumwa na humwoni anayesukuma, yuko."

"Mogire, ndugu yangu, ile ilikuwa habari ya nyota."

"Kwani nyota na sisi si Mungu mmoja alituumba?"

Kilichomtisha si ujinga wa Mogire. Ni kwamba hapakuwa na ujinga wowote. Mogire alikuwa ameshika hoja ileile, akaifuata hatua kwa hatua mpaka mlangoni pa mtu. Na mtu huyo alijulikana na kila mmoja: Bosibori, mjane aliyepakana nao wote wawili, ambaye watoto wake wote walikuwa wametangulia mbele ya haki. Kila mtu alimwita magokoro, bibi kwa Kikisii. Ndiye aliyempokea Mayaka alipozaliwa na kumwogesha mara ya kwanza. Sasa wanawake waliacha kumsalimia, na vijana walikuwa wamesema waziwazi kwamba nyasi za paa lake zimekauka vizuri.

Naibu chifu, Mluo mmoja aitwaye Obare, aliitisha baraza kabla mambo hayajaharibika. Alimfuata Mayaka shuleni, akamvuta kando.

"Omera, ndugu yangu mwalimu, hii moto umewasha wewe. Uizime. Utasimama useme hakuna. Neno moja tu. Usituletee hadithi ndefu, watu wa huku wanasikia ile wanataka."

"Nitasema," Mayaka akaahidi, na aliahidi kwa moyo wake wote.

Siku ya baraza mvua ilinyesha, ikabidi watu waingie darasani katika shule ya msingi. Wazee walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwafika kidevuni, na katika hali nyingine hilo lingechekesha. Bosibori aliketi mbele, karibu na meza ya mwalimu, amejitanda leso safi. Alipomwona Mayaka akiingia, uso ulimkunjuka. Alimtazama kama mtu aliyeona mtu wake.

Mogire alisimama. "Mimi sitaki mambo mingi. Mwalimu atuambie. Nguvu za giza ziko ama haziko?"

Obare alimkodolea macho Mayaka. Neno moja. Lakini Mayaka hakuwa amewahi kutamka kwamba kitu hakipo kwa sababu tu hakijathibitishwa, na wakati aliohitaji kuvunja mwiko huo ulikuwa sasa hivi, na mdomo wake haukuwa na mazoezi. "Wengi wanasema zipo," akaanza, "ila hizo ni za angani, si za huku. Na mimi binafsi nina shaka…"

Darasa likavuma. Waliokuwa nyuma walikuwa wamesikia "zipo", na hilo liliwatosha. Obare akajishika kichwa.

"Tulieni," Mogire akasema, kwa upole uliotisha kuliko kelele. "Mwalimu ana shaka. Haamini. Mimi namheshimu kwa hiyo. Basi nimwulize ya huku chini. Huyu mama kila akikata mkungu anakutumia ndizi. Mke wangu anapita kwako kuchota maji, anaona. Mtoto wako Risper ashawahi kuzionja?"

Baada ya mazishi ya kijana wa kwanza wa Mogire, Emmah alikuwa ameuweka mkungu kando na kusema, hizi wape ng'ombe. Mayaka hakuuliza kwa nini. Alijiambia ni kwa ajili ya amani ya nyumba, kwamba tahadhari haina hasara, kwamba yeye haamini upuzi lakini mtoto ni mtoto. Akazikatakata kwa panga mwenyewe, akazimwaga horini, kisha akaingia ndani kusahihisha madaftari. Akafanya hivyo tena mkungu uliofuata, na uliofuata. Yeye aliyezidai nyota ushahidi, ndizi hakuzidai chochote. Aibu ilimpanda, nzito, na hakuwa na pa kuiweka mbele ya watu wote wale.

Bosibori aligeuka polepole.

"Ndizi zangu, Mayaka?"

Hapo angeweza kudanganya. Uongo mmoja, wa huruma, ungeokoa paa la mtu. Lakini macho ya yule mama yalikuwa yamemshika.

"Tuliwapa ng'ombe," akasema.

Kelele zilizopanda hazikuwa na maneno. Obare na askari wake wakasimama mbele ya Bosibori kumkinga, na ilichukua muda mrefu watu kurudi kwenye madawati. Ilipotulia, Obare alitoa uamuzi bila kumtazama yeyote: magokoro aende akakae kwa kaka yake huko Magunga, kwa muda tu, mpaka joto lipoe. Kila mtu alijua muda huo hauna kurudi.

"Sitabisha," Bosibori akamwambia Obare. "Nilikuwa nakataa kuhama kwa sababu nilijua kuna nyumba moja inayokula changu."

Gari la Obare lilisimama barabarani, injini ikiunguruma. Mayaka alimfuata mama nyumbani kwake, akambebea sufuria na godoro, na hakuna aliyemzuia. Alitaka kusema mengi. Alitaka kumweleza jinsi redio ilivyomkata, jinsi neno moja lilivyoteleza. Kila alichofikiria kilikuwa kweli, na hakikuwa na kazi yoyote pale.

"Magokoro, nisamehe."

Bosibori alikuwa akifunga kanga zake kwenye shuka. Hakuinua kichwa.

"Hao ng'ombe walikula?"

"Walikula."

"Kuna mmoja alikufa?"

"Hapana."

"Hata kuumwa?"

"Hapana, magokoro." Akajitwika godoro. "Maziwa yaliongezeka."

"Na hayo maziwa mlikunywa."

"Tulikunywa."

"Na mtoto?"

"Na mtoto."

Mama akalikaza fundo kwa meno. "Na mkungu ukiiva tena nikakutumia tena, ukawapa tena."

Hakuwa akiuliza. Mayaka alisimama na godoro kichwani, na kwa mara ya kwanza maishani hakuwa na "lakini". Bosibori alitoka nje, akaufunga mlango kwa kufuli, akautazama ufunguo kiganjani mwake kama mtu asiyejua ni wa nini.

"Niachie mimi," Mayaka akasema. "Nitakutunzia nyumba."

"Wewe ama Mogire," mama akasema, "yote sawa."

Akauweka ufunguo juu ya jiwe la mlangoni, akajitwika shuka lake, akashuka kuelekea barabarani. Mayaka alimfuata na godoro mpaka garini, gari likaondoka, naye akarudi peke yake. Ufunguo ulikuwa bado pale juu ya jiwe. Alisimama mbele yake, asiweze kuuokota wala kuuacha, na kutoka upande wa kwa Mogire akasikia sauti za vijana wakija.