Dakika Arobaini Juu ya Gonja

Mwaka 1951, kila Alhamisi saa nne kamili asubuhi, ndege ndogo ya barua iliondoka kiwanja cha Same kwenda Tanga. Umbali ni maili mia na kumi na saba, na ratiba ilisema mwendo wa saa moja. Karani Zebedayo aliwapima abiria kwenye mizani ya magunia, akaandika uzito wa kila mmoja, kisha akafunga mlango wa ndege kwa nje.

Mwezi wa tatu ndege ilianza kuchelewa. Telegramu kutoka Tanga zilisema imetua saa tano na dakika arobaini. Rubani alionyesha saa yake ya mkononi: kwake ilikuwa imepita saa moja tu, na mafuta yaliyotumika yalikuwa ya saa moja.

Alhamisi iliyofuata, baada ya abiria wanne, kwa mara ya kwanza alionekana kwenye mizani mwanamume wa tano, miguu imejaa vumbi jekundu, jembe begani. Mshale haukusogea.

"Jina, kaka?"

"Anaeli, wa Gonja. Nilikuja kusawazisha kiwanja hiki."

Zebedayo alimkumbuka. Kipande chake, kadi ya kuhesabia siku za kazi, kilikuwa cha siku thelathini. Siku ya ishirini na saba gogo la chuma la kushindilia udongo lilimpita kifuani. Mgeni mkubwa alikuwa anatua mchana ule, kwa hiyo nyapara aliamuru afukiwe papo hapo, katikati ya njia ya ndege. Nyumbani kwake ilipelekwa barua kwamba ametoroka kazini. Barua hiyo aliiandika Zebedayo.

"Utarudi?" aliuliza.

"Alasiri, na ndege hii hii. Zimebaki siku tatu, na kipande hakijasainiwa."

Zebedayo aliandika: Anaeli, ratili sifuri.

Abiria walieleza kwamba juu ya Gonja ndege ilisimama hewani, pangaboi likizunguka. Anaeli alishuka uani kwake, akala makande, akapanda tena. Mfanyabiashara mmoja alilalamika kwamba amekosa mkutano wake.

Mwezi wa tano Ruthi, mke wa Anaeli, aliteremka kutoka Gonja kwa miguu, mwendo wa siku mbili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama."

"Mume wangu anakuja na udongo wa kiwanja chenu miguuni. Mwaka wa pili huu, kanisani naitwa mke wa mtoro. Naomba mifupa yake."

Zebedayo aliinamia meza. "Barua ile niliandika mimi."

Ruthi alimsogezea kalamu. "Basi andika nyingine."

Zebedayo aliuandikia usharika wa Gonja ukweli wote, kisha akamwandikia msimamizi wa kiwanja kuomba mifupa. Msimamizi alijibu baada ya wiki tatu. Njia ya ndege haiwezi kufukuliwa. Kipande hakisainiwi kabla siku hazijatimia. Ila ucheleweshaji umezingatiwa, na ratiba mpya imepigwa chapa: Same hadi Tanga, maili 117, saa moja na dakika arobaini. Barua ya kwenda usharika, aliyoizuia msimamizi, ilirudishwa ikiwa imepigwa mstari mwekundu.

Zebedayo aliomba ruhusa, akapanda Gonja kwa miguu na nakala ya ratiba. Alifika Alhamisi, ndege ikiwa imesimama juu ya paa, kuku wamejipumzisha kivulini mwake. Anaeli alikuwa anakula bila kuinua kichwa, kama mtu wa zamu.

Ruthi aliisoma karatasi mara mbili.

"Wangeandika saa mbili," alisema, "angepata na muda wa kuzungumza."

Anaeli alinawa mikono, akachukua jembe, akapanda.