Fimbo Yenye Viwiko

Nilikuwa sijui kwamba mwanga una ujanja mpaka nilipokuja kukaa kwa mwanangu. Nimelea watoto watano katika nyumba ambayo kazi ya pazia ilikuwa kuwazuia wapita njia wasituone tukila, basi. Jua likiingia, limeingia. Lakini hapa kwa mwanangu nimeshindana na jua la asubuhi, likanishinda mara mbili, na mara ya tatu nikalishinda kwa bomba la maji.

Nianze na mkwe wangu, mke wa mwanangu, maana shida ilikuwa yake. Ni muuguzi katika wodi ya watoto wachanga. Aliiomba wodi hiyo miaka sita ndipo akaipata, na tangu aipate anawazungumzia vile vitoto kana kwamba kavizaa yeye. Mwaka huu akapangiwa zamu ya usiku. Anatoka wenzake wanaandaa chakula cha jioni, anarudi watu wanapiga mswaki. Mwanangu naye ni dereva wa lori, leo yupo, kesho hayupo. Ndiyo sababu niliitwa nije nikae na mjukuu wangu wa kike, ambaye kwa wingi wa maneno yake tunamwita Chiriku.

Sasa chumba chao kina dirisha moja kubwa, nalo linatazama kunakochomoza jua. Dirishani palikuwa na pazia jepesi la maua, limetundikwa kwa waya wa springi. Mkwe wangu alikuwa akilala saa mbili asubuhi, ikifika saa nne yuko macho, anazunguka nyumba nzima kama mtu aliyesahau anachokitafuta. Siku moja alitia chumvi kwenye chai ya Chiriku. Tulicheka mpaka machozi.

Wiki iliyofuata hatukucheka. Alirudi asubuhi akakaa kwenye kiti cha jikoni bila kuvua koti. Nikamwekea chai, hakuigusa. Kidogo kidogo akanieleza kwamba usiku ule nusura ampe mtoto dawa ya mtoto wa kitanda cha pili. Mwenzake ndiye aliyemshika mkono. Sista mkuu akamnyang'anya ufunguo wa kabati la dawa, akamwambia kosa jingine moja tu, anamtoa wodini.

Nikaanza kumlaumu huyo sista, kama mama yeyote angefanya. Mkwe wangu akanikatiza.

"Hajakosea, mama. Ningekuwa mimi sista, ningemtoa mtu kama mimi leo leo. Ni usingizi tu. Nikipata usingizi nitakuwa sawa."

Basi nikajua kazi yangu ni ipi. Sijasoma sana, niliishia darasa la saba, lakini kumlaza mtu si jambo la vyeti.

Siku hiyo hiyo nilichukua blanketi la zamani, misumari minne na nyundo, nikalipigilia juu ya dirisha. Mkwe wangu alipoingia kulala alinishukuru. Akafika mlangoni, akageuka, akanishukuru tena. Nimekaa naye kiasi cha kumjua: akikushukuru mara moja, amependa. Akikushukuru mara mbili, ujue hajapenda, ni adabu tu. Hata hivyo blanketi halikunipa muda wa kununa. Saa tano lilianguka lote na msumari mmoja ukamchoma mguuni.

Tukakaa kitandani, mimi nampaka dawa, yeye anacheka kwa uchovu. Akaniambia usiku kucha anakesha katikati ya mapazia ya hospitali yanayoning'inia ovyo, kwa hiyo akirudi anataka chumba chake kiwe chumba, kisifanane na wodi wala stoo. Akanionyesha vitu vyake kimoja kimoja kama vile mimi ni mgeni. Kitanda cha chuma cheusi, chenye miviringo kichwani, alichotengenezewa na fundi wa kuchomelea mwaka alioolewa. Kuta za rangi ya maziwa, alizipaka mwenyewe akiwa na mimba ya Chiriku. Kioo chenye fremu nyembamba ya dhahabu, alichopewa na mama yake. Alitaka pazia zito la bluu iliyokolea, lenye bitana nyuma na pete za bati juu, na fimbo ya pazia inayoendana na vile vilivyomo. Ila nguvu ya kuzunguka madukani hakuwa nayo. Nikamwambia aniachie mimi.

Nilichukua uzi wa katani, nikaushika kona moja ya dirisha nikaupeleka mpaka kona ya pili, nikapiga fundo. Hivyo ndivyo nilivyopima madirisha yote maishani mwangu, na hakuna lililowahi kunigomea.

Duka la mapazia lilikuwa na fimbo za kila namna, zimesimamishwa ukutani kama askari. Zilikuwepo za mbao za kahawia, nyeupe za plastiki, nyeusi zenye vichwa vya mviringo, na za dhahabu zenye vichwa vya maua. Nilizishika zote, nikazipima uzito, nikaziinamia kunusa zile za mbao. Akili yangu iliniambia nyeusi, kwa sababu ya kitanda. Lakini yale maua ya dhahabu yalikuwa na petali tano tano, zimechorwa mpaka mishipa ya jani, na kioo cha mkwe ni cha dhahabu. Nikachukua ya dhahabu, na pazia la bluu, la vipande viwili, nikalipata hapo hapo.

Muuza duka, kijana mwenye penseli sikioni, alipoupokea uzi wangu aliuliza, "Bibi, hapa kwenye fundo ndipo dirisha linapoishia, au umeshaongeza?"

"Niongeze nini? Dirisha ni dirisha. Mimi napima mapazia wewe hujaota meno, baba. Kata."

Akacheka, akakata.

Nimelifikiria sana swali lile baadaye. Mtu niliyekulia kwenye waya wa springi, ningeongeza kwa sababu gani? Waya unaufunga msumari hadi msumari, ndani ya fremu, umekazana. Ukizidisha, unalegea na pazia linabembea kama kamba ya kuanikia nguo. Kwangu mimi fimbo inayolipita dirisha ilikuwa kama kununua kiatu kinachozidi mguu.

Mwanangu alikuwa nyumbani siku hiyo, akatoboa ukuta, akaifunga. Ilipendeza, siwezi kusema uongo. Maua yaling'aa, pazia likaanguka mikunjo sawa sawa, na Chiriku akaita majirani wawili waje kuona.

Asubuhi mkwe wangu akalala. Saa nne na robo mlango ukafunguka. Alikuwa amejifunga kitambaa machoni, kitambaa chenyewe kimeshuka shingoni.

"Fimbo nzuri sana, mama," akasema. Akanywa maji. "Nzuri sana."

Mara mbili. Nikakaa chini.

Zilipofika siku zake mbili za mapumziko, akaenda na Chiriku kumsalimia mama yake. Nami asubuhi na mapema nikaingia chumbani kwao, nikafunga mlango na pazia, nikajilaza kwenye mto wake kama mgonjwa. Nilikaa hivyo saa nzima nikitazama. Mwanga ulikuwa unapita kulia na kushoto, mistari miwili mirefu, na ule wa kushoto ulitembea ukutani pole pole mpaka ukamfika mlalaji usoni, hasa penye jicho. Nikainuka nikaingiza mkono kati ya pazia na ukuta. Mkono ukapita wote hadi kiwiko. Hapo nikaelewa kwamba hata fimbo ingekuwa ndefu mara mbili, bado ingekaa mbali na ukuta, na jua lingepita kwenye uwazi ule likicheka. Ilitakiwa fimbo inayofika mwisho halafu ikageuka kuufuata ukuta. Fimbo kama hiyo pale dukani sikuwa nimeiona.

Asubuhi hiyo hiyo alikuja fundi bomba kutengeneza bomba la jikoni, lililokuwa likivuja tangu niwasili. Ni mtu mnene, mpole, anayeongea na spana zake. Alichomoa bomba la zamani ukutani akaliweka sakafuni karibu na miguu yangu, nami nikaacha kusugua sufuria. Lilikuwa limenyooka, na mwisho wake lina elbo, kile kiwiko cha chuma kinachogeuza bomba kwenye kona. Baada ya kiwiko, kipande kifupi kinarudi ukutani, na mwisho wake pana kisahani cha chuma cha kulishikiza.

Nikamuuliza kama anaweza kunifungia moja kama lile juu ya dirisha la chumbani.

Alinitazama kwa huruma. "Bibi, juu ya dirisha? Sasa maji yatatokea wapi?"

"Sitaki kitu kitoke. Nataka kitu kisiingie."

Nikampeleka chumbani, nikamlaza kwa maneno pale nilipolala, nikamwonyesha mistari miwili ya mwanga. Alisimama akiwaza, mikono kiunoni, kisha akatoa futi yake ya chuma. Safari hii uzi niliuacha mfukoni. Akaongeza shubiri moja na nusu kila upande, na nyingine kwenda juu. Alipotaja rangi, alidhani nitataka ibaki ya fedha. Nikamwambia hapana, nyeusi, tena nyeusi isiyong'aa, aangalie kitanda kile. Akakipapasa kile chuma cha kitanda, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesalimiwa na ndugu.

Kesho yake alikuja na bomba limeshakauka rangi. Akalifunga lote, viwiko viwili, visahani viwili, akakaza mpaka jasho likamtoka. Ndipo tukachukua pazia. Pete zilipita kwenye bomba vizuri, lakini kwenye kiwiko hazikupita, maana kiwiko ni kinene. Tukatazamana. Fundi akailaumu spana. Akafungua vyote upya, tukavisha pazia kwanza, na kila upande tukaacha pete moja ng'ambo ya kiwiko, kwenye kile kipande kifupi, ili pazia liikumbatie kona mpaka liguse ukuta. Kisha akakaza tena.

Yale maua ya dhahabu, tuliyoyafungua kwenye fimbo ya kwanza, nilikuwa nimeyaweka kitandani, nikiyaonea haya. Fundi akayaokota akayageuza geuza. Akasema ni dhambi kuyatupa. Akayafunga ukutani kwa skrubu ndefu, moja huku, moja kule, usawa wa kiuno, ili pazia likifunguliwa liegemezwe pale. Nikarudi nyuma mpaka mlangoni nikatazama. Bomba na kitanda vilikuwa kama waliozaliwa tumbo moja, na maua yanaangaliana na kioo. Ningekaa wiki nzima dukani nisingepata kilichopendeza hivyo.

Siku ya kwanza kurudi zamu ya usiku, mkwe wangu aliingia nyumbani asubuhi, akaoga, akaniambia amechoka mno, akaingia chumbani. Sikumwambia kitu. Nilikaa kwenye kigoda karibu na mlango, nikichambua mchele uliokwisha kuchambuliwa.

Saa nne, kimya. Nikafurahi. Saa sita, kimya. Nikampa Chiriku chakula kwa kunong'ona. Saa nane, kimya bado, wala kikohozi, wala kitanda kulia. Chiriku akaja kuniegemea.

"Bibi, mama amekufa?"

Nikamfukuza na maneno yake, lakini mimi mwenyewe nikainuka. Hakuna aliyewahi kulala kiasi kile katika nyumba hii. Nikafungua mlango taratibu. Ndani giza, giza la kweli, sikuuona hata mkono wangu. Nikapiga hatua mbili, kidole changu kikakutana na mguu wa kile kitanda cha chuma, nikatamka neno ambalo siwezi kuliandika hapa. Nikangoja anikemee. Badala yake nikasikia mkoromo, mzito, wa mtu mwenye raha zake, kama lori la mumewe likipanda mlima.

Nilitoka nje nikichechemea, nikakaa barazani. Sijui nilicheka au nililia, labda vyote kwa pamoja. Alitoka saa tisa na nusu, mikunjo ya mto imemchora shavuni, akaniuliza kama kumekucha.

Siku zikaenda hivyo. Akanona kidogo usoni. Chai ya Chiriku ikawa na sukari. Kuhusu wodi sikumwuliza, maana kuna maswali ukiyauliza unaongeza mzigo. Nilitazama tu kila anaporudi kama chai niliyomwekea anainywa, na aliinywa.

Leo asubuhi amerudi, amelivua koti na kulitundika, ndipo akageuka na kuniambia kwamba sista mkuu amemrudishia ufunguo wa kabati la dawa. Amempa mkononi mbele ya wenzake wote, bila hotuba. Aliyasema haya akiwa anatafuta ndala zake, kama mtu anayetaja habari za mvua. Mimi nikaendelea kukatakata vitunguu, ili macho yangu yapate kisingizio.

Akaingia chumbani. Nikazisikia zile pete zikiteleza kwenye bomba, kwa, kwa, kwa, mpaka zikakutana katikati.

"Fimbo nzuri, mama," akaniita kutoka gizani.

Nikashika kisu hewani, nikasubiri aseme tena. Hakusema.