Msuka wa Upanga wa Otmar

Otmar Kubeš alikuwa na silaha thelathini na nane ukutani, na hakuna hata moja iliyokuwa imewahi kumtoa mtu damu. Zote zilikuwa nakala, zimefuliwa kwa mkono na wahunzi walio hai, kwa vipimo vya zile zilizolala makumbushoni. Kulikuwa na panga za mikono miwili, mashoka, nyundo za vita, na ule mchi wa kupuria ngano uliopigiliwa misumari, ambao wakulima wa Bohemia waliwapasulia vichwa mabwana waliovaa chuma toka utosini hadi unyayoni. Ukimuuliza kwa nini hanunui za kale zenyewe, alikunja pua. "Za kale ni yatima," alikuwa akisema. "Hizi zangu zina baba zao."

Baba wa silaha kumi na tisa kati ya hizo alikuwa Hynek Rous, mhunzi wa kijiji cha pili kutoka hapo, mtu mkavu wa maneno. Kila alichokifua alikigonga alama ya jogoo kwenye msuka, ule mkia wa bapa unaoingia ndani ya mpini. Mpini ukishafungwa, jogoo haonekani tena. Na panga za mapambo, zenye msuka mwembamba wa kuungwa, Hynek alizigonga pia alama ya msumari mdogo kando ya jogoo, maana yake huu ni wa kutundikwa, usithubutu kupigana nao. Wapiganaji wote wa maonyesho ya vita vya kale waliijua alama hiyo. Daftari hakuwa nalo. Aliagizwa kwa mdomo, akafua kwa kumbukumbu.

Otmar alipokaribia miaka sitini alimwendea akitaka upanga mrefu wa mwisho, wa kuwaonyesha wageni siku ya sherehe.

"Wa vita nataka majira mawili ya baridi," Hynek alimwambia. "Wa ukutani utaupata kabla ya Pasaka."

"Basi nipe wa ukutani. Nani atakayeufungua mpini?"

Siku ya sherehe wageni walisimama mbele ya upanga ule wamepigwa na butwaa, bia mkononi. Mmoja akauliza kama ni wa vita. Otmar akacheka. "Kwani Hynek anaweza kunifulia mimi mwanasesere?" Ndivyo uongo ulivyozaliwa, bila uchungu wowote, na kwa miaka mitatu aliulisha kila mgeni alipoingia.

Mwezi wa sita, siku ya maonyesho ya mji wa Lipnovec, Libor kinyozi alikuja mbio nyumbani kwa Otmar akiwa amevaa fulana ya minyororo, jasho linamchuruzika. Libor ndiye aliyekuwa kiongozi wa kikundi cha wapiganaji wa mji. Nyuma yake walikuwapo wenzake wanne.

"Mzee Otmar, niokoe! Upanga wangu umepata ufa, msimamizi ameukataa. Nipe ule wa Hynek."

"Upi?" Otmar aliuliza, ingawa alijua.

"Ule wa miaka sitini, wa vita. Au umeshafunga nao ndoa, hutaki uguswe?"

Wenzake wakaangua kicheko. Otmar alikuwa na nafasi ya kusema maneno matatu tu: ni wa ukutani. Angechekwa hadi Krismasi, halafu yangekwisha. Lakini alizitazama zile sura tano, akakumbuka kila alichowahi kuwaambia, uso ukampata moto. Alipanda kwenye kigoda, akautungua upanga, akampa.

"Uutunze," alisema.

"Kama mke wa jirani," Libor alijibu, na wakatoka wakicheka.

Msimamizi alipapasa makali kuona kama ni butu, akasikia jina la Rous, akaupitisha. Pambano lilipoanza, pigo la tatu la mpinzani ndilo lililoshuka kutoka juu. Libor aliliinulia upanga kulikinga, na mpini ukapasuka mikononi mwake. Bapa liliruka likaangukia karibu na kibanda cha soseji. Ncha ya msuka uliovunjika ilipenya glovu ya ngozi ikatoboa kiganja cha kulia, ikakata mishipa ya vidole viwili. Libor alikaa chini kwenye nyasi, anautazama mkono wake kama kitu cha mtu mwingine.

Watu wote walimkimbilia. Otmar naye alikimbia, ila macho yake yalikuwa chini, na kwenye nyasi akakiona kipande cha msuka, urefu wa kidole, kina jogoo na msumari. Aliinama kana kwamba anafunga kamba ya kiatu, akakitia mfukoni. Tusimtafutie udhuru. Mtu anavuja damu hatua kumi kutoka kwake, yeye anaokota ushahidi.

Bapa lilipochunguzwa, kila mtu aliona pale chuma chembamba kilipoungwa. Wakamwuliza Otmar kama aliuagiza kwa ajili ya vita. "Naam," alisema. Kabla mwezi haujaisha, hakuna maonyesho yaliyokubali silaha ya Hynek Rous kuingia uwanjani. Waliokuwa wameagiza walifuta. Mtu mmoja alimwandikia ukutani pa karakana neno moja kwa rangi nyekundu: MCHINJAJI.

Hynek alikuja kwa Otmar siku ya Jumapili mchana, amevaa shati safi. Hakukaa.

"Kubeš, kile kipande chenye alama kiko wapi?"

"Kilipotea kwenye nyasi. Walitafuta."

"Nimetafuta mimi mwenyewe. Siku mbili nimepiga magoti pale kama mcha Mungu." Alizitazama kuta, upanga mmoja mmoja, zile zake kumi na tisa. "Wewe unajua ulichoniagiza."

"Hynek, ni zamani. Labda hatukuelewana."

"Mimi na wewe?" Hynek alisema. "Miaka ishirini na mbili tumeelewana." Alichukua kofia yake. "Nenda ukawaambie. Sitakuuliza kitu kingine. Waambie tu, nami nitakufulia unachotaka mpaka nife."

Otmar alikuwa akimpenda mtu yule, hilo lijulikane. Ndiyo maana hakuweza kukaa na kile kipande ndani ya nyumba. Asubuhi iliyofuata alikwenda hadi bwawa la Vdovec, akasimama juu ya tuta penye mialoni, akakirusha mbali kadiri mkono wake wa uzeeni ulivyoweza. Kikatumbukia majini, chubwi, basi. Alirudi nyumbani akala viazi na maziwa mgando, akashangaa kwamba vinashuka.

Kumbe alikuwa amejitupa mwenyewe. Watu walianza kuingia kwake wakiziangalia kuta kwa huruma. "Bado unayo takataka ya yule mchinjaji?" walimwuliza. Mkusanyaji mmoja wa Regensburg, aliyembembeleza miaka mitano amwuzie zile kumi na tisa za Rous, aliandika barua fupi kwamba hazitaki tena. Otmar alikaa kwenye kiti chake chini ya silaha zake na kwa mara ya kwanza hazikumpa raha. Kila moja aliijua kwa mkono, uzito wake, mahali inapokaa sawa kwenye kidole. Zilikuwa nzuri vilevile. Jina la Hynek ndilo lililokuwa limeoza, na aliyeliozesha alikuwa amekaa pale, amevaa ndara.

Mwezi wa tisa alisikia kwamba Hynek ameliuza fuawe lake, lile pande la chuma alilofulia kazi zake zote. Usiku huo hakupata lepe la usingizi, na kulipokucha alikwenda kwa kinyozi.

Libor alikuwa akijifunza kunyoa kwa mkono wa kushoto. Wateja waliomwendea siku hizo walitoka na denge, wakalipa, wakashukuru. Wazee wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi wakisubiri zamu.

"Mzee Otmar! Kaa hapa, wewe hupangi foleni." Alimfunga kitambaa shingoni kwa meno na mkono mmoja. "Huyu, jamani, ndiye wa kwanza kuja hospitali. Na keki ya mbegu za mpopi."

"Libor, Hynek hana kosa," Otmar alisema. "Ule upanga niliuagiza wa ukutani. Aliniambia. Nilikupa nikijua."

Mkasi ulisimama. Kwenye kioo Otmar alimwona Libor akimtazama muda mrefu, kisha uso ule ukalegea, ukawa mpole. Hilo ndilo lililomtisha.

"Amekuja kukulilia, eh?"

"Hapana. Ni kweli. Kipande kilikuwa na msumari. Nilikiokota mimi."

"Basi tukione."

"Nilikitupa. Bwawani."

Mzee mmoja kwenye benchi alikohoa kicheko. "Bwawani! Na yule Mjerumani wa Regensburg alizitaka kwa bei gani, Otmar, kabla jina halijachafuka?"

"Mwacheni," Libor alisema. "Ana moyo mzuri, tena anazipenda zile panga zake. Mimi ningekuwa na ukuta kama ule ningesema hata nimezifua mwenyewe." Alimpigapiga bega kwa ule mkono mbovu, vidole viwili vimekauka kama vijiti. "Mzee wangu, wewe uliniazima kitu chako cha thamani kuliko vyote. Mtu kama huyo hanidhuru akijua. Usijibebeshe dhambi ya mwenzio. Inamisha kichwa."

Otmar aliinamisha kichwa. Alimweleza tena mara mbili kabla nywele hazijaisha, na kila mara Libor alimjibu kwa upole zaidi. Alimkatalia hata malipo.

Lakini mwezi wa kumi ulikuwa unakuja, na mwaka huo ilikuwa zamu ya Vdovec kukaushwa. Otmar alipokumbuka jambo hilo alicheka peke yake jikoni. Mabwawa yetu ya samaki hayafichi kitu milele, kila baada ya miaka miwili maji yanafunguliwa, yanashuka, na tope linabaki wazi kwa jua. Alinunua reki, akaazima mabuti ya mpira yanayofika kifuani.

Asubuhi ya uvuvi mji mzima ulikuwa juu ya tuta, na ramu ya moto na samaki wa kukaanga. Katikati, kwenye maji kidogo yaliyobaki, wavuvi walikuwa wakivuta wavu mzito uliojaa samaki wanaopigapiga mikia. Otmar alishuka chini ya mialoni akaanza kuparura tope. Lilimfika mapajani. Kila mchomo wa reki ulileta konokono, matawi, kopo la bia.

"Mzee, umeangusha meno?" kijana mmoja alimpigia kelele kutoka juu, na watu wakacheka.

Mvuvi mmoja aliuacha wavu akamjia polepole, anachomoa mguu mmoja, halafu mwingine. Alipofika karibu Otmar alimtambua chini ya tope. Alikuwa Hynek Rous, ameajiriwa kibarua cha msimu.

Hynek aliitazama reki. Akautazama umbali kutoka kwenye tuta. Hakuhitaji kuambiwa.

"Ulitupia hapa?"

Otmar aliitikia kwa kichwa. "Niliwaambia, Hynek. Naapa. Hawakuniamini."

"Nimesikia. Wanasema una moyo mzuri." Hynek aligeuka akalitazama lile tope, ekari kwa ekari, linang'aa hadi kwenye mafunjo ya upande wa pili. Wavuvi walikuwa wakimwita arudi. "Kesho kutwa wanafunga mlango wa bwawa, maji yanarudi."

"Nitakipata. Nisaidie tu, tukiwa wawili..."

"Mimi nina kazi," Hynek alisema. Alichomoa mguu wake, akaanza kurudi, kisha akasimama bila kugeuka. "Usihofu, Kubeš. Chuma changu hakiliwi na kutu haraka. Kitakuwepo hapo muda mrefu kuliko wewe."