Gurudumu la Karekezi

Hatua ya sita ya mbio za baiskeli za taifa, mwaka 1987, ilianzia Bukoba na kuishia Omurushaka. Karekezi aliianza akiwa hoi. Siku tano mfululizo alikuwa amekula vumbi la wenzake, na mapaja yalimuuma hata akiwa amekaa. Lakini leo alitaka kufika: mama yake, Nyirabageni, alikuwa ameomba lifti ya lori la kahawa kutoka Kibingo ili amwone mwanawe amevaa jezi ya mkoa.

Karibu na Kihanga, mlima ukiwa bado haujaisha, alimkuta nahodha wa timu yao ya mkoa, Kaijage, amesimama kando ya barabara.

"Rimu imepinda," Kaijage alisema. "Gari la vipuri umeliona?"

"Sijaliona tangu Kyaka."

Kaijage alikuwa wa pili katika mbio zote, Karekezi wa thelathini na nane. Hapakuwa na la kujadili. Karekezi alishuka, akafungua gurudumu lake la mbele, akampa.

"Mama yako anakusubiri, Kare."

"Najua. Nenda."

Akakaa kwenye nyasi. Waendeshaji walimpita mmoja mmoja mpaka barabara ikanyamaza. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia maharage alimletea kibuyu cha omuramba. Akanywa ile juisi ya ndizi, akashukuru, akasinzia.

Gari lilifika baada ya saa nzima.

"Panda tu," dereva alimwambia. "Muda umekwisha."

"Nipe gurudumu."

Alipoingia Omurushaka watu walikuwa wametawanyika, na vijana walikuwa wakikunja kamba za barabarani. Karani wa mbio hakuinua hata kalamu. "Umepitisha muda. Kesho huanzi." Kisha, kwa sauti ya chini, akamwambia kuwa Kaijage ameshuka hadi nafasi ya tatu.

Karekezi akaitikia kwa kichwa. Alidhani angeumia zaidi.

Nyirabageni alikuwa barazani pa duka, amenyoosha miguu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Walisema umeanguka."

"Sikuanguka. Nimechelewa tu."

"Wale wengine walipita mbio mno, sikuona sura ya mtu." Akamfuta vumbi usoni kwa upindo wa kanga. "Wewe nimekuona tangu kule kwenye kona."

Karekezi akacheka kidogo, akaketi ubavuni pake. Alianza kufungua viatu. Kabla hajamaliza cha pili, usingizi ukamchukua, na mama yake akainama akamvua.