Harufu ya Mikidadi

Nilitoka eda Jumatatu asubuhi, na hata nywele hazijakauka, Samia, mke wa mwanangu, akaingia na mfuko wa bidhaa mpya. Ana duka la vipodozi kule Zinga, na kila mzigo ukifika huniletea mimi kwanza. Nimetengeneza udi na kuuza hapa Bagamoyo miaka thelathini, basi anaamini pua yangu haidanganyiki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Nimekuletea ujaribu. Miezi minne na siku kumi bila manukato si mchezo."

Ningemwambia kwamba sikuona tofauti. Tangu tumzike mume wangu, Mikidadi, nilikula, niliswali, nililala, kama mtu anayeongozwa kwa mkono. Majirani walinisifia subira. Haikuwa subira, ila sikuwa nikisikia kitu chochote moyoni.

Nilikuwa nangoja jambo moja tu, nalo lilikuwa chini ya kitanda. Ni kikoi alichokivua Mikidadi siku aliyofariki, nimekifunga kwenye mfuko wa nailoni mafundo matatu. Kwa kuwa kilifukizwa udi, niliogopa kukigusa kusije kukaniharibia eda. Shoga yangu Hija alinicheka, akasema kunusa si kujifukiza. Sikumsikiliza. Nilijiambia kwamba siku nikitoka nitakifungua, nitamkuta Mikidadi humo, nami nitalia kama wajane wenzangu.

Samia akapanga vitu mkekani. Nikajipaka losheni ya vanila, mkono ukanukia biskuti. Nikapuliza ile dawa ya chumba yenye picha ya maua ya zambarau, chumba kikawa kama ofisi ya mtu. Kulikuwa na chupa ya maji ya manukato ya kusuuzia nguo, na mshumaa wa waridi ndani ya gilasi.

"Huu wa nini, na umeme upo?"

"Urembo tu, mama."

"Urembo wa kuunguza mapazia."

Akacheka, akafurahi kuniona nimerudi kuwa mimi. Ulimi ndio uliokuwa umerudi. Nikamwambia maji ya kusuuzia nguo yatauzika, mshumaa aurudishe alikoutoa.

Alipokwenda jikoni kuchemsha chai, nikauvuta mfuko. Mafundo yalikuwa yamekaza, nikayakata kwa meno, nikauzika uso wangu kwenye kikoi.

Udi. Nikavuta pumzi tena, udi. Ulikuwa wangu, na niliutambua hadi siku yake, maana miski ilizidi kidogo siku ile nilipochanganya kwa haraka. Nikatafuta kwenye pindo, nikatafuta pale alipokuwa akikikunjia kiunoni. Nilitaka jasho lake, usingizi wake, chochote. Kikoi kizima kilikuwa mimi.

Miaka yote ile hakutoka mlangoni bila kusimama juu ya chetezo. Nilijivuna kwamba akipita sokoni watu wanajua mkewe ni nani. Asubuhi moja aliniambia, "Chausiku, leo niache hivi hivi." Nikamjibu kwamba mume wa muuza udi hatembei mkavu, watu watasema nini. Akarudi, akasimama kwenye moshi, wala hakuomba tena.

Nilikaa na kikoi mapajani nikiyangoja machozi. Hayakuja. Nikakikunja vizuri, kama nguo ya mgeni aliyeisahau.

Samia akaleta chai na mandazi. Akakiona kikoi, akaketi karibu yangu, akashusha sauti.

"Mama, wateja wa kiume wananiuliza manukato, nami sijui nilete yapi. Baba yeye alipenda harufu gani?"

Nikamimina chai, kikombe chake kwanza, kisha changu.

"Sijui, mwanangu," nikasema. "Sikuwahi kumwuliza."