Msusi Mwenye Kipara

Msusi akiwa na kipara, mteja gani atakaa kwenye kiti chake? Swali hilo alilala nalo na kuamka nalo. Kichwa chake ndicho kilichokuwa kibao cha saluni. Wateja walimtazama utosini kabla hawajauliza bei, wakasema, "Nitengeneze hivyo hivyo." Kisha ikaja saratani ya titi, ukaja upasuaji, zikaja dripu za dawa kali ya saratani, na asubuhi moja bafuni nywele zikamtoka mafungu mafungu mpaka maji yakakataa kupita kwenye bomba.

"Kinyozi hajinyoi, lakini wewe umejinyoa!" wateja walimtania walipomwona na kilemba, naye akacheka nao, maana angefanyaje? Lakini moyoni alikuwa anawaka. Si kwa ajili ya wateja. Alikuwa anawaka kwa ajili ya mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa shoga yake.

Shoga mwenyewe alikuwa fundi cherehani, mdomo wake mkali kuliko mkasi wake. Walikutana kwenye chumba cha dripu, viti vyao vimepakana, na siku ya kwanza tu fundi alishawapa watu majina. Nesi mkuu, aliyetembea kama anakagua gwaride, akawa Kamanda. Mgonjwa mmoja aliyekoroma dripu ikianza tu akaitwa Jenereta. Wao wawili walipopata vipara, wiki moja hiyo hiyo, wakavua vilemba na kulinganisha. Fundi akasema kichwa cha msusi ni yai la kuku wa kienyeji, chake yeye ni kiazi kilichokulia kwenye mawe. Walicheka mpaka Kamanda akaja kuwagombeza, naye akatoka akiwa anacheka.

Dripu zilipofika kati, fundi akasema amehamishiwa hospitali nyingine, karibu na kwa dada yake. Basi wakawa wanasikilizana kwa simu. Msusi alipomaliza dripu yake ya mwisho akampigia kumpa habari, na fundi akamwambia, "Hata mimi shoga, nimemaliza juzi." Wakapongezana, wakalia kidogo, wakakata simu.

Wiki chache baadaye fundi akapita saluni bila kilemba.

Nywele! Nyeusi tii, nene, zimejikunja vizuri kama mtu aliyezipanga moja moja. Wateja wawili waliokuwa chini ya mashine ya kukaushia walitoa vichwa nje kumtazama. Msusi naye, chini ya kilemba chake, alikuwa na manyoya tu, ya kifaranga, tena kifaranga mgonjwa.

"Hongera, shoga," alisema. "Umepaka nini?"

"Mafuta ya nyonyo tu. Asubuhi na jioni." Fundi akageuka polepole ili aonekane na kisogoni, akaaga, akaenda zake akijitikisa.

Msusi alinunua mafuta ya nyonyo siku hiyo hiyo. Alijipaka mpaka kichwa kikawa kinateleza kwenye mto. Mume wake akamwambia, "Mke wangu, hicho ni kichwa, si shamba. Ukimwagilia sana kitaoza." Nywele hazikuota. Akaamua kwamba fundi amemficha mafuta yenyewe.

Tangu hapo roho yake haikutulia, na tusimpambe: alikuwa anaona wivu, wivu mtupu, ule wa kumfanya mtu akose hamu ya kula. Tulikaa viti vya jirani, alijiambia. Ugonjwa mmoja, dripu moja, kipara kimoja. Kwa nini yeye? Fundi cherehani nywele za nini? Anaweza kushona akiwa amevaa ndoo kichwani na gauni likatoka sawa! Mimi ndiye ninayekula kwa nywele. Na fundi hakuwa na huruma, kila siku mbili tatu anapita, bila kilemba, anaingia kusalimia, anasimama karibu na kioo. "Aliye juu mngoje chini," msusi alinong'ona akimsindikiza kwa macho, kisha akamgeukia mteja wake na kumvuta nywele kuliko ilivyohitajika.

Basi mchana mmoja saluni ikiwa tupu, fundi akaja akaketi kitini moja kwa moja.

"Leo nimekuja kukuungisha. Nitie dawa, shoga. Nataka zinyooke, zilale."

Msusi alisimama na taulo mkononi. Siku ya dripu ya mwisho Kamanda humkalisha kila anayemaliza na kumwambia jambo moja: nywele zikianza kuota, usizitie dawa ya kulainisha mpaka miezi ipite, kwa sababu ni changa na ngozi ya kichwa bado ni laini. Na hata kama Kamanda asingesema, msusi aliijua kazi yake. Dawa ile ingezikata nywele hizo kwenye mashina, na kichwa kingebabuka. Alichotakiwa kufanya ni kufungua mdomo tu.

Hakufungua. Ni mtu mzima, alijiambia. Ameomba mwenyewe, sikumwita. Ameambiwa kama nilivyoambiwa. Tena si wanasema mteja ni mfalme? Akamfunga taulo shingoni, akavaa glavu, akafungua kopo. Harufu kali ikapanda puani, na yeye, aliyeichukia harufu ile tangu siku za kutapika, safari hii akaivuta vizuri tu. Akakoroga.

Akachukua kitana chenye mkia, akagawa nywele katikati. Ndiyo kwanza anazigusa. Wiki zote hizo alikuwa amezitazama tu, na jicho la wivu halipimi, linatamani. Vidole lakini vilikuwa na mazoea yao. Vilichukua unywele mmoja uliojikunja, vikaunyoosha juu ya kidole cha shahada. Unywele ukapita kiungo cha kwanza, ukafika cha pili.

Akachukua mwingine kisogoni. Mwingine utosini. Zote ni hivyo hivyo. Kwa mwezi nywele huongezeka kiasi cha upana wa ukucha, msusi yeyote anajua hilo, na hapa kulikuwa na kucha tano zimejipanga. Mwezi na nusu tu ulikuwa umepita tangu wamalize dripu.

Akaweka kitana chini.

"Shoga, kule ulikohamia, nesi alikuambia nini kuhusu dawa ya nywele? Siku ile ya mwisho."

"Siku ya mwisho ya nini?" fundi akasema, kisha akafumba mdomo. Macho yao yakakutana kwenye kioo.

"Nywele hizi zina miezi mitano," msusi akasema. "Miezi mitano iliyopita mimi nilikuwa nimekumbatia beseni. Hukuhama hospitali, shoga."

Fundi alianza kuchezea pindo la taulo, akilivuta uzi.

"Niliacha," akasema. "Kila dripu nilikuwa nakufa na kufufuka. Nikasema nipumzike wiki moja tu. Wiki ikazaa mwezi. Halafu siku moja najishika kichwa, naona kuna kitu kinachoma kiganja. Zimeota! Nikasema basi, nimepona, mwili wenyewe umesema."

"Nywele haziwezi kukuambia hilo. Zimeota kwa sababu dawa imekwisha mwilini."

"Najua." Kisha, kwa sauti ya chini, "Nilikuwa najua, sijui. Usiku nilikuwa naogopa. Kila mtu alikuwa ananihurumia, hata wateja wangu, gauni limepinda na wanasema asante. Ndipo nikapita hapa siku ile, nikaona macho yako. Wewe hukunihurumia. Ulinionea gere, shoga, mpaka midomo ikakukauka! Nilirudi nyumbani naimba. Nikajiambia, mgonjwa haonewi wivu. Huyu ni msusi, tena amekaa kiti kile kile, kama yeye ananionea wivu basi mimi ni mzima."

Msusi akamfungua taulo shingoni.

"Ndiyo maana nilikuwa napita kila mara," fundi akaendelea. "Nikiingiwa na hofu nakuja unitazame. Hata leo, dawa ni kisingizio tu."

Sasa msusi alielewa alichokuwa amekifanya wiki zote hizo akiwa amesimama tu mlangoni pake na kijicho chake. Alivua glavu, moja ikagoma, akaing'oa kwa meno.

"Jifunge kilemba. Tunakwenda kwa Kamanda."

"Leo?"

"Sasa hivi, kabla hawajafunga."

"Atanigombeza."

"Atakugombeza vizuri sana. Akimaliza atamwita daktari, wakupime, waseme pa kuanzia. Mimi nitakaa nawe."

Fundi hakuinuka. Alijitazama kwenye kioo, akaweka viganja vyote viwili juu ya nywele zake, akazikandamiza kama anayezuia kofia kwenye upepo.

"Wakinirudisha kwenye dripu, zitanyonyoka tena?"

"Zitanyonyoka," msusi akasema.

Na neno lilipomtoka, kabla ya huruma, kabla hata ya hofu ya kumpoteza mtu aliyemchekesha siku ambazo hakuna kilichochekesha, kitu kidogo chenye joto kilimpita kifuani. Alikitambua mara moja. Ilikuwa furaha. Alijaribu kuiita jina jingine, akashindwa. Machozi yakaja baadaye, nayo yalikuwa ya kweli, lakini yalikuja ya pili.

Akamwaga kopo lote la dawa kwenye pipa la taka, akafunga saluni mchana kweupe, akamshika fundi mkono kwa nguvu asije akageuka njiani. Fundi alitembea akifuta pua kwa pindo la kilemba. Walipofika barabara ya hospitali akamwambia kwamba katika maisha yake hajawahi kupata rafiki mwenye moyo mweupe kama yeye, na msusi akaongeza mwendo.