Ukungu wa Dongobesh Waenda Tanga

Julai ile, mwaka wa pili tangu Manyara ikatwe kutoka mkoa wa Arusha, katekista Tadei alikodi basi zima pale Dongobesh, akapakia wazee wa kigango kwenda Tanga kuota joto na kuiona bahari. Baridi ya mwaka huo haikuwa na adabu hata kidogo. Wazee walikuja na masweta mawilimawili, mablanketi na mabuti ya mvua, maana nani amewahi kuondoka nyumbani Julai bila buti? Ukungu nao ukapanda, ukakaa kiti cha nyuma. Dereva akauambia ufunge dirisha, safari ikaanza.

Efrazia wa Bashay alikaa jirani nao. Yeye hakufuata joto. Mumewe, Margwe, alikwenda Tanga kukata mkonge akamwachia watoto wawili wadogo, na mwaka uliofuata ikaja barua ya mistari miwili: amefariki, amezikwa. Wapi, haikusema. Tangu hapo, kila tarehe mbili Novemba, padri anapopita kubariki makaburi, Efrazia husimama kwenye kaburi la jirani na kuitikia sala za marehemu wa watu. Miaka arobaini na mitano, jamani! Alitaka kujua wake amelala wapi, basi.

Walipelekwa mapangoni Amboni, kisha kwenye maji ya moto yanayotoka ardhini. Helena, aliyechota maji na Efrazia tangu usichana, aliingia humo na buti zake.

"Vua basi, watu wanatutazama," Efrazia alimwambia.

"Watazame tu. Nyoka wa huku simjui tabia."

Siku ya tatu wakafika baharini. Ufuko ule zamani ulikuwa mwisho wa shamba la mkonge; shamba lilipobinafsishwa ikajengwa hoteli, na uzio ukateremshwa mpaka majini. Ukungu ulishuka kwenye basi, ukapita uzio, ukalala kwenye bustani ya hoteli. Ulijigawa mafungu kumi na saba, yamejipanga mstari, kila moja urefu wa mtu.

Fungu la tisa lilizidi mengine. Miguu yake ilipitiliza nyasi ikafika kwenye saruji ya bwawa la kuogelea. Kule Bashay, Margwe alikuwa amekiunga kitanda chao kwa ubao kwa sababu ya miguu hiyohiyo.

"Yule pale," Efrazia alisema.

Helena akachungulia. "Ndiye. Nani mwingine ana miguu ile?"

Getini alikuwepo mlinzi, kijana wa Hirbadaw, hukohuko kwao Manyara. Alisimama alipomwona.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kumwona mume wangu."

"Hapa wanaingia wageni wa hoteli tu, bibi."

"Mbona ukungu umeingia?"

"Ukungu sikuambiwa niuzuie. Watu ndio niliambiwa." Akayatazama yale mafungu, akatazama mlango wa ofisi. "Meneja anakula. Pita, ila usikawie."

Efrazia akaketi kwenye nyasi kando ya fungu la tisa, akaweka mkono penye kifua. Palikuwa na baridi ya asubuhi ya Bashay. Alimpa habari zote: Restituta ameolewa na ana watoto saba, Yohanes analima vitunguu, yule ng'ombe mwekundu alikufa zamani, asimuwaze tena. Alilia, akacheka, akasali rozari nzima, na mara hii sala zilikuwa za mtu wake.

Wageni waliokuwa wakiungua na jua waligundua kwamba pale pana ubaridi, wakaanza kusogeza viti. Meneja akatoka akifuta mdomo, akapendezwa. Aliagiza viti vyote vya kulalia viletwe, kimoja juu ya kila fungu, kisha akamwomba bibi apishe wateja. Efrazia aliinuka, akamshukuru. Getini akamshukuru mlinzi kwa mikono miwili. Basi likarudi bila ukungu.

Nyumbani, watoto wake walikaa kumsikiliza.

"Mungu ashukuriwe," aliwaambia. "Baba yenu nimemwona kwa macho yangu. Upepo wa bahari unampata, na wenzake wako naye. Mimi sasa nina amani, wanangu. Nina amani kabisa."

"Analala vizuri?" Restituta aliuliza.

"Vizuri sana," alisema Efrazia. "Ila wamemwekea kiti kifuani."